Tusiyaache Maandishi Yetu Yapotelee Mtandaoni

Kuna imani moja iliyoenea mno miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu, nayo ni kwamba andiko likishatiwa katika mtandao wa intaneti limekwisha kuhifadhiwa milele. Nami nilikuwa muumini wa imani hiyo. Kwa miaka kadhaa nimesimama mbele ya wanafunzi wangu wa isimu nikiwaambia kwamba zama za maandishi kuliwa na mchwa zimepita. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu niikane kauli hiyo hadharani, kwa kuwa walioisikia ni wengi na baadhi yao sasa ni walimu.

Kilichonibadilisha ni kisa kimoja. Wakati wa likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani upande wa Karachuonyo, na mjane wa rafiki yangu akaniita kwake, mwendo mfupi kutoka mji wa Kendu Bay. Marehemu mumewe alifundisha Kiswahili katika shule za upili za huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulisoma naye chuoni. Mimi nikaendelea kutafuta shahada, yeye akarudi nyumbani kufundisha, na nikiri kwamba kati yetu wawili yeye ndiye aliyeandika zaidi. Kuanzia mwaka 2011 aliandika makala katika blogu yake, na wanafunzi wake walipohamia Facebook akawafuata huko huko. Hakulipwa kwa kazi hiyo wala haikumpandisha cheo. Aliandika juu ya maneno ya wavuvi. Juu ya taa za karabai zilizotumika kuvulia omena usiku, na jinsi taa za sola zilivyokuja kuzifukuza. Juu ya ziwa dogo la Simbi Nyaima na kile kijiji kinachosimuliwa kwamba kilizama kwa kumnyima bibi kizee hifadhi. Juu ya taabu anayoipata mtoto wa Kijaluo akutanapo na ngeli za Kiswahili, ilhali lugha ya mama yake haina ngeli hata moja. Mwaka 2020, maji ya Ziwa Viktoria yalipopanda mwezi Mei hadi kukipita kimo cha mwaka 1964, mwalimu huyu alizunguka ufuoni akiandika karibu kila juma habari za nyumba zilizoingiwa na maji na watu waliohamia kwa jamaa zao.

Mjane aliniwekea mezani simu yenye kioo kilichopasuka na madaftari mawili ya hesabu. "Shemeji," akaniambia, "siku ya mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema maandishi ya mume wangu ni kitabu tosha. Basi nisaidie kitoke hicho kitabu, watoto wakione." Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya wiki mbili.

Wiki mbili! Laini ya simu ya marehemu ilikuwa haijatiwa pesa kwa muda mrefu, na kampuni ilikuwa imekwisha kumpa mteja mwingine nambari ile. Kila tulipojaribu kuifungua akaunti yake, tarakimu za siri zilitumwa kwa mtu tusiyemjua, ambaye tulipompigia alituchukua kuwa matapeli, na simlaumu. Anwani ya blogu ilikuwa ikilipiwa kila mwaka. Mwaka uliofuata kifo chake hakuna aliyejua kwamba inadaiwa, na tulipokwenda kuitafuta tulikuta mahali pake pamekaa tangazo la kamari. Binti yake alifaulu kuchota sehemu ya makala kutoka Internet Archive, ile hifadhi ya Marekani ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ikinakili kurasa za mtandao, lakini hifadhi hiyo hupita inapopita, haibishi hodi kila mlango. Sehemu nyingine ilitoka kwa wanafunzi wake wa zamani ambao waliwahi kuzipiga picha makala walizozipenda zikiwa bado kwenye vioo vya simu zao. Katika daftari moja marehemu alikuwa ameorodhesha vichwa vya makala 143. Mpaka ninapoandika haya tumepata 61.

Msomaji asidhani kwamba hili ni balaa la mwalimu mmoja wa kijijini asiyejua mambo ya tarakilishi. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities, na kurasa za mamilioni ya watu, zilizotungwa kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, zikaondolewa. Mwezi Aprili 2019 Google nayo ikaufunga mtandao wake wa Google+. Wenye kampuni hawakuvunja ahadi yoyote, maana hawakutuahidi kutuwekea urithi. Walitukaribisha ukumbini mwao, na mwenye nyumba ana ruhusa ya kuzima taa. Wakati mwingine mkono unaozima taa ni wa serikali. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili na kulipa ada zilizojumlika hadi takriban shilingi milioni 2.1 za huko, na mwezi Juni mwaka huo blogu kadhaa zikanyamaza, nyingi zikiwa za Kiswahili. Mtu anayeandika kwa hiari baada ya saa za kazi atatoa wapi fedha hizo?

Basi na tukitazame Kiswahili chenyewe kilivyoyaokoa maandishi yake huko nyuma, kwa kuwa somo liko karibu kuliko tunavyofikiri. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalienea vinywani mwa watu, akijibizana na mahasimu wa Mombasa, akitania, akilalama, akisifu, na aghalabu kila shairi lilizaliwa na tukio la siku hiyo. Kwa maneno mengine, lilikuwa neno la papo kwa papo, lenye wasikilizaji wake na majibu yake, kama yalivyo maandishi ya mtandaoni leo. Miaka mingi baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka. Mmisionari Mwingereza William Taylor akayahifadhi kwa maandishi pamoja na maelezo. Na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kuwa diwani kupitia matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Kutoka kifo cha mshairi hadi kitabu ni miaka mia moja kamili. Katika miaka hiyo mia mashairi hayo hayakulindwa na umaarufu wa Muyaka. Yalilindwa na watu waliokuwa na vifua vya kuhifadhi, kisha na mtu aliyejua cha kuuliza na wa kumwuliza.

Sasa nauliza: ni nani leo anayehifadhi kifuani makala aliyoisoma katika simu? Mababu zetu waliposikia shairi zuri walilishika, maana walijua hawatalisikia tena. Sisi tukisoma jambo zuri tunaliacha pale pale, maana tunaamini litakuwapo kesho. Ndiyo sababu nasema kwamba andiko la mtandaoni liko katika hatari kubwa kuliko shairi la Muyaka.

Magazeti pia yana funzo lake. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi ya watu kutoka pembe zote za Afrika Mashariki. Shaaban Robert ni mmoja wa waliopeleka tungo zao huko, naye tunamsoma hadi leo kwa sababu tungo zake zilipata kukusanywa katika vitabu. Lakini kando yake palikuwa na washairi wengine wengi, makarani, mafundi na walimu, ambao tungo zao hazikukusanywa. Hao wamelala katika majalada ya magazeti makuukuu ambayo mtafiti huyafungua kwa nadra, na wanafunzi wetu hawayajui hata majina yao. Tofauti ya hali zao haikutokana na ubora wa utungo peke yake.

Nilipokuwa nimekaa uani kwa yule mjane nikiyawaza haya, jambo moja lilinichoma. Mlima wa Gendia uko pale pale karibu. Huko Gendia ndiko Waadventista Wasabato walikojenga kituo chao mwaka 1906, na ndiko walikoweka mashine ndogo ya kupiga chapa mwaka 1913, kazi iliyokua hadi ikawa Africa Herald Publishing House. Watu wa Kendu Bay walikuwa wakinusa wino wa chapa kabla ya miji mingi ya nchi hii. Tena Karachuonyo hiyo hiyo ilikuwa na chifu, Paul Mboya, aliyekuwa pia mchungaji, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu cha Kijaluo kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi, juu ya mila na desturi za Wajaluo. Habari zile zilikuwa midomoni mwa wazee. Yeye akazipanga, akazitia katika sura, na hata leo mtu akitaka kubishana juu ya desturi ya Kijaluo huanza kwa kukitaja kitabu hicho, ama kwa kukikubali ama kwa kukipinga. Naye rafiki yangu, aliyeishi miaka yake yote chini ya kivuli cha historia hiyo, amekufa bila kuacha hata ukurasa mmoja uliopigwa chapa.

Wako watakaonipinga, na hoja zao nazijua. Watasema vijana hawasomi vitabu, wanasoma simu. Watasema karatasi ni ghali na kitabu huishia kabatini. Hoja ya bei ni ya kweli, nami nitaigusia. Lakini hoja ya vijana naikataa. Katika shule nyingi za vijijini mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu bwenini, na mwalimu mwenyewe hununua bando kwa fedha zake. Kitabu kimoja huweza kushikwa na wanafunzi arobaini kwa muhula mmoja, kikakunjwa, kikapigwa mistari, na mwaka ujao kikawapo. Tena kitabu kina nambari, kina mwaka, kina kurasa. Mwanafunzi akikinukuu katika tasnifu yake, mtahini anaweza kukitafuta na kumsahihisha. Andiko lililofutika halinukuliki.

Isitoshe, wakubwa wametangulia kupita njia hii. Marehemu Binyavanga Wainaina alipotunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2002, kazi aliyotunukiwa, Discovering Home, ilikuwa imetokea katika jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi hawakulihesabu andiko la namna hiyo kuwa limechapishwa. Mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha jarida la Kwani?, la karatasi. Na kumbukumbu zake alizozitoa kuwa kitabu mwaka 2011 zimebeba mengi ya kazi ile ya kwanza, lakini si kama ilivyokuwa: aliivunja, akaifuma upya. Vivyo hivyo hadithi fupi ya hayati Ngũgĩ wa Thiong'o juu ya jinsi binadamu walivyoanza kutembea wima ilitolewa mtandaoni na jarida la Jalada mwezi Machi 2016 katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo, na mwaka 2019 ikapigwa chapa India kuwa kitabu chenye picha. Hakuna aliyewauliza hao kwa nini wanarudi kwenye karatasi.

Naomba nikae kidogo juu ya neno hilo, kuvunja na kufuma upya, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Vijana waliosikia habari ya kazi hii wameniambia kwamba siku hizi mashine inaweza kumeza blogu nzima ikaitema kitabu kwa dakika chache. Ni kweli inaweza. Nilijaribu. Nilichokipata kilianzia kifo na kikaishia ujana, maana mtandaoni andiko jipya hukaa juu na la zamani chini. Kilikuwa na amri za "bofya hapa" katika ukurasa ambao hakuna kidole kitakachoufungua. Picha zilizong'aa katika simu zilitoka karatasini kama zimenyeshewa, kwa sababu kioo hutosheka na nukta 72 kwa inchi ilhali chapa nzuri hudai 300. Ule ukato wa juu unaotofautisha ng'ombe na ngome ya Kireno ulikuwa umepotea mahali pengi, na mahali pengine umegeuka alama ya kuuliza. Hata jina la Kanyadhiang' lilikuwa limekatwa mkia.

Hayo ni makosa ya mashine, na hurekebishika. Magumu zaidi ni yale yanayotokana na asili ya maandishi yenyewe. Mwandishi wa mtandaoni huandika "jana", "juzi", "hapa nilipokaa", "kama mlivyoona wote", kwa kuwa tarehe imewekwa juu na wasomaji wake wako pamoja naye wakati huo huo. Sisi wanaisimu huyaita maneno hayo viashiria, na maana yake hutegemea nani anasema, lini na wapi. Ukiyapeleka kitabuni bila msaada, "jana" inakuwa haina siku. Ni sharti mhariri ajue ni jana ipi, na katika makala za gharika neno hilo lina uzito, kwa kuwa nyumba iliyosimama Jumatatu haikuwapo Alhamisi. Halafu kuna vile vikatuni vya nyuso vinavyocheka. Marehemu alipenda sana utani kwa wenzake wa Kisii na kwa mashabiki wa timu asiyoipenda. Mtandaoni uso unaocheka ulionyesha kwamba ni mzaha, karatasini uso umeondoka na limebaki tusi. Mahali pengine nimeongeza neno moja la kulainisha. Mahali pengine nimeiacha sentensi yote.

Na kuna majibu ya wasomaji. Chini ya makala moja juu ya majina ya samaki watu waliandika maelezo marefu kuliko makala yenyewe: mzee mmoja aliyewahi kuvua ngege kabla mbuta hajatapakaa ziwani alieleza mambo ambayo sijayasoma popote. Je, hayo ni ya nani? Wengi hudhani kwamba neno lililotupwa hadharani ni la kila mtu. Sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kazi ni ya aliyeitunga tangu ilipoandikwa, isajiliwe isisajiliwe, na haki hiyo huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mjane na watoto ndio wenye kazi ya marehemu, si mimi niliyeihariri, na yule mzee wa ngege ndiye mwenye maelezo yake. Tulimtafuta kwa miezi miwili. Tulimpata Homa Bay, akatukubalia, akaomba jambo moja tu, kwamba jina la baba yake pia litiwe kitabuni kwa kuwa ndiye aliyemfundisha.

Sasa nitaje kosa langu mwenyewe, kwa kuwa naona ni kosa la tabaka letu zima la wasomi. Katika rasimu ya kwanza nilimsahihisha marehemu. Nilikuwa na kalamu nyekundu ya miaka ishirini, na kalamu hiyo haijui kupumzika. Nilirefusha sentensi zake fupi, nikaondoa maneno ya Kijaluo, na kila alipoandika omena mimi nikaandika dagaa, kama linavyosema kamusi. Nilipompelekea mjane kurasa thelathini za kwanza alizisoma kimya, akavua miwani, akasema, "Shemeji, hii kazi ni safi, lakini huyu si yeye. Na hapa Kendu Bay nani anauza dagaa?" Sikuwa na jibu. Nimeirudisha omena mahali pake pote, pamoja na sentensi fupi. Makosa ya vidole nimeyasahihisha, maana simu yake ilikuwa na mazoea ya kugeuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza bila kumwomba ruhusa. Lakini Kiswahili cha ufuoni nimekiacha kilivyo. Nimejifunza nikiwa na shahada tatu kwamba kuhariri na kusahihisha insha ni kazi mbili.

Ama kuhusu fedha, nitakuwa mfupi. Mchapishaji wa kibiashara katika nchi hii huishi kwa vitabu vya kiada, na tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kuvinunua na kuvipeleka shuleni yenyewe, nafasi ya kitabu kisicho na mtihani imezidi kuwa finyu. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 nayo iliviongezea vitabu asilimia 16. Mchapishaji mmoja niliyemwendea alinisikiliza kwa adabu akaniuliza kitabu hiki ni cha kidato kipi. Wako pia wale wanaotangaza kwamba watamchapishia mtu yeyote kwa ada. Hao hupiga chapa wasichokisoma, na mwandishi hupelekewa maboksi mia tano ya makosa yake mwenyewe. Sisi tumeamua kwenda kwa mpiga chapa wa kawaida na nakala chache. Mashine hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16. Kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 ni mafungu kumi barabara, nasi tumezichagua makala 38 kati ya zile 61 zikae humo bila kuacha karatasi tupu mwishoni. Nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na sheria ya vitabu na magazeti inataka nakala mbili zikabidhiwe kwa Msajili. Watu wengi huiona sheria hiyo kuwa bughudha. Mimi baada ya mwaka huu naiona kuwa ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwa kuwa ni mara ya kwanza mtu mwingine asiyekuwa jamaa atalazimika kulitunza jina la marehemu.

Makala 23 tuliziacha kwa sababu mbalimbali. Nyingine zilikuwa salamu za sikukuu tu. Nyingine zilirudia jambo moja, maana mtandaoni kila siku kuna msomaji mgeni wa kuelezwa upya. Lakini mbili kati yake zinahusu misaada ya wakati wa gharika, nani alipewa na nani alinyimwa, na zinataja majina ya watu walio hai. Marehemu aliyaona kwa macho yake. Mimi sikuyaona, wala sina njia ya kuwapa waliotajwa nafasi ya kujibu, nafasi waliyokuwa nayo mtandaoni. Binti yake anasema kuziacha ni kumziba baba yake mdomo. Hilo tumebishana nalo mara tatu, na sitajifanya kwamba nimeshinda. Tumekubaliana kwamba zitapigwa chapa kwa karatasi ya kawaida, zitiwe katika bahasha pamoja na karatasi nyingine zote, na kukabidhiwa maktaba ya chuo, ambako mtafiti wa baadaye anaweza kuzisoma. Huenda tumekosea.

Walimu wenzangu, wengi wenu mnaandika. Ninawasoma. Kuna mwalimu huko Siaya anayeeleza methali moja kila Jumapili, na mwanafunzi wa Pwani anayetunga mashairi ya kujibizana na wenzake usiku wa manane kwa bahari ambayo Muyaka mwenyewe angeitambua. Kabla ya kuwaza kitabu, chukueni jioni moja mnakili kazi zenu zote katika faili lililo mikononi mwenu, lenye tarehe, na mmwambie mtu mmoja wa nyumbani lilipo na nywila zake. Kisha mtafute msomaji mmoja asiyewaogopa. Vyama vya Kiswahili mashuleni vinaweza kuifanya kazi ya pili: wanafunzi wa kidato cha tatu wanajua kupanga, kuuliza tarehe, na kuandika maelezo ya chini ya ukurasa wakifundishwa mara moja. Kundi moja la wanafunzi wa shule alikofundisha marehemu ndilo lililotunakilia makala kutoka katika zile picha za simu, neno kwa neno, wakati wa saa za maktaba. Walipofika kwenye makala ya ngeli walicheka mpaka wakafukuzwa.

Kitabu kitakwenda kwa mpiga chapa kabla ya mwisho wa muhula ujao, lakini kina pengo. Marehemu aliandika makala tatu juu ya Simbi Nyaima, kila moja ikiwa na simulizi ya msimulizi tofauti. Ya kwanza na ya pili tunazo. Ya tatu, ambayo kwa mujibu wa daftari lake alisimuliwa na bibi yake mzaa mama, hatujaipata popote, na bibi mwenyewe alifariki zamani. Daftari linaonyesha kwamba ilitolewa mwezi Agosti 2014. Ikiwa yuko msomaji wa ukurasa huu aliyewahi kuinakili, hata kama ni kipande, hata kama ni picha ya kioo cha simu iliyofifia, namwomba aipeleke kwa mhariri wa gazeti hili, naye atanifikishia. Tumeiachia kurasa nane.